Eneokazi la Linux: kuingia rahisi, kutoka kazi

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina lalamiko. Tena ni lalamiko kuhusu kitu ninachokipenda, na nusu ya kosa ni langu mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Jumamosi nikiwa na nafasi huenda shule moja ya sekondari kumsaidia mwalimu wa kompyuta. Mashine za maabara yao ni kuukuu, nyingi zina RAM ya gigabaiti 4, na tuliziwekea Debian 12 pamoja na Xfce, eneokazi jepesi lisilozichosha. Siku moja mwaka 2024 nikawaonyesha wanafunzi wa kidato cha nne KDE Plasma kwenye laptopu yangu. Nikajigamba kidogo. Nikawaambia kwamba kwenye Linux eneokazi, yaani menyu, madirisha, mandhari na vyote mnavyoviona, ni kama nguo tu. Ukichoka na hii unavua, unavaa nyingine.

Kijana mmoja akaniamini. Yeye ndiye nahodha wa maabara na mwalimu alikuwa amempa nywila ya msimamizi. Akaandika amri moja tu:

sudo apt install kde-plasma-desktop

Ikashuka, ikakaa, ikapendeza. Baada ya siku chache akaona mashine imekuwa nzito na menyu ina kila kitu mara mbili: terminali mbili, vidhibiti faili viwili. Akaamua kuvua nguo. Akaandika sudo apt remove na jina lile lile. Mashine ikamwambia inaondoa pakiti moja, yenye kilobaiti chache. Akaizima, akaiwasha. KDE ipo pale pale!

Hapo akafanya ambalo wengi wetu tumewahi kufanya. Akafikiri hivi: jina lina "plasma" na lina "desktop", basi nifute kila chenye maneno hayo. Akaandika sudo apt purge '*plasma*' '*desktop*', akabonyeza Y, kisha akamalizia na sudo apt autoremove, maana alisoma mahali kwamba hiyo husafisha mabaki. Alipowasha mashine tena akakuta skrini nyeusi na maandishi meupe. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na mradi wake wa KCSE wa somo la kompyuta, na wiki ile ndiyo ulikuwa unatakiwa.

Mwalimu akanipigia simu: "Bwana, hebu njoo uone, nguo yako imetuacha uchi."

Sasa ndugu msomaji, kabla hujamcheka kijana, tuangalie kilichotokea.

Kwanza, kwa apt hakuna kitu kinachoitwa KDE. Kuna mamia ya pakiti ndogo ndogo, na jina la kde-plasma-desktop ni pakiti tupu. Kazi yake ni kushika orodha ya pakiti nyingine zinazohitajika. Ukiisakinisha, inawaita wenzake wote. Ukiiondoa, umechana orodha tu, wageni wenyewe bado wako sebuleni. Ni autoremove inayotakiwa kuwatoa, nayo ina huruma nyingi: kwa kawaida haigusi pakiti ambayo programu nyingine iliyobaki inaipendekeza, hata kama haiihitaji. Kwa hiyo baadhi hubaki.

Pili, nyota ile, yaani alama ya *, haina macho. Xfce nayo ina pakiti inayoitwa xfdesktop4, ile inayochora mandhari ya nyuma. Jina lake lina "desktop", kwa hiyo ikafutwa. Pakiti xfce4, ambayo nayo ni orodha tu, haiwezi kukaa bila xfdesktop4, kwa hiyo nayo ikaondoka. Task-xfce-desktop ikafuata. Baada ya orodha hizo kuondoka, autoremove ikatazama sehemu zilizobaki za Xfce, ikaona hazina mwenyewe, ikazifagia. Kijana alikuwa anaifukuza KDE, akaifukuza na Xfce iliyokuwa mwenyeji. Na apt ilimwonyesha orodha yote kabla hajabonyeza Y, lakini ni nani kati yetu husoma orodha ya majina mia mbili ya ajabu ajabu?

Nilipofika nikaazima intaneti ya simu yangu kwa waya wa USB, nikaandika sudo apt install task-xfce-desktop, tukasubiri. Xfce ikarudi, na mradi ukakutwa salama, bila hata faili moja kupotea. Kijana akavuta pumzi. Mimi pia.

Lakini haikuishia hapo. Alipoingia kwenye akaunti yake, aikoni na rangi zilikuwa bado za KDE, nyingine zimevunjika. Hii ndiyo sababu ya tatu. Plasma ikiwa inatumika huandika mipangilio yake ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye .config na .local, na huandika hata kwenye ~/.config/gtk-3.0/settings.ini, faili ambayo programu za Xfce pia huisoma. apt haigusi kabisa folda ya mtumiaji, hata ukitumia purge. Purge hufuta mipangilio ya mfumo, kama ile iliyo kwenye /etc.

Hapa ndipo ninapopata shida na lalamiko langu mwenyewe, na nataka niwe mkweli. Sheria hiyo ya kutogusa folda ya mtumiaji ndiyo iliyotuachia takataka, na ndiyo hiyo hiyo iliyouokoa mradi wa kijana. Siwezi kuomba ifutwe. Meneja wa pakiti akianza kupekua faili za watu ili afanye usafi, siku moja atafuta kisichofutika. Kwa hiyo wale wanaosema "apt isafishe kila kitu" sikubaliani nao.

Ninachodai ni kidogo zaidi: mtu akiruhusiwa kuingiza kwa jina moja, aweze kutoa kwa jina lile lile. Habari zote mashine inazo! Fungua /var/log/apt/history.log utaona tarehe, saa, amri uliyoandika na kila pakiti iliyoingia siku ile, na zile zilizojiletea zenyewe zimewekewa neno automatic. Kitabu cha wageni kipo. Ila kwenye Debian 12 hakuna amri ya apt inayosema "rudisha mambo yalivyokuwa kabla ya Jumanne". Fedora wanayo kwenye dnf: unaandika dnf history list, unaona namba ya tukio, kisha dnf history undo na namba hiyo. Si dawa ya kila ugonjwa, na folda ya mtumiaji haiigusi, lakini mwanafunzi angeielewa.

Kuna watakaoniambia, "Futa yote, sakinisha upya, ni nusu saa tu." Kwako wewe mwenye intaneti isiyo na kipimo, sawa. Kwa shule inayonunua bando, kusakinisha upya ni pesa. Tena dawa hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiikimbia tulipohamia Linux.

Haya, mpaka watengenezaji watusikie, fanya hivi. Waswahili husema ukitaka kuruka agana na nyonga.

Ukitaka tu kuonja eneokazi jipya, lionje kwanza kwa flashi, bila kusakinisha. Ukiamua kulisakinisha, tengeneza akaunti nyingine ya majaribio, ulitumie humo, ili folda yako halisi isichafuke. Siku ya kuliondoa, usitumie nyota. Nenda kwenye history.log (ya miezi iliyopita hubanwa kando yake kama history.log.1.gz na kuendelea), chukua majina yaliyoingia siku ile na uyape apt purge. Kabla ya hapo iendeshe amri hiyo hiyo ukiwa umeongeza -s. Itakuonyesha itakachofanya bila kukifanya. Ukiona jina la eneokazi lako la zamani humo, simama. Mwisho, sudo apt purge '~c' hufuta mipangilio ya mfumo iliyoachwa na pakiti zilizokwisha kuondoka.

Ni hatua nyingi mno kwa kitu nilichokiita kubadilisha nguo, najua. Ndiyo maana nimeomba radhi darasani na nimeacha kutumia mfano ule.

Mwalimu hakuiondoa Linux, namshukuru. Ila alifanya jambo moja: alibadilisha nywila ya msimamizi, na hakuna mwanafunzi anayeijua. Siwezi kumlaumu, ana mashine za kulinda. Lakini inaniuma, maana katika darasa lile zima mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyethubutu kufungua terminali akajaribu kitu, na alichojifunza ni kwamba asijaribu tena.