Kuusoma Ubongo Nje ya Darasa

Binti mmoja ametuandikia kwamba baba yake alishikwa na kiharusi: mkono wa kulia ukalegea, maneno yakampotea, na majirani wakasema amepigwa na jini. Binti huyu alimaliza skuli bila ya kusoma sayansi, wala hana njia ya kuingia chuo cha uganga. Auliza kama mtu wa namna yake aweza kuijua elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu, au mlango umekwisha fungwa.

Twamjibu kwamba aweza kuijua sehemu kubwa, maadamu ataanza kwa macho na mikono kabla ya majina. Wengi huvunjika moyo kwa sababu hukifungua kitabu kinene, wakakutana na majina ya Kilatini yasiyo hesabu, wakakifunga. Sisi tuliosomea chuoni twajua kuwa mtoto hapewi msahafu mzima siku ya kwanza. Hupewa ubao na herufi chache.

Herufi za elimu hii zapatikana kwa muuza nyama. Nunua kichwa cha mbuzi, umwombe akipasue fuvu polepole, ubongo usivurugike. Ukiwa mbichi ni laini mno, kwa hiyo utokose kidogo katika maji ya chumvi hata ukaze, kisha uache upoe. Kabla ya kuukata, utazame. Juu kuna mikunjo, na ufa wa katikati uugawanyao nusu mbili. Nyuma kuna ubongo mdogo, ambao huusaidia mwili kushika mizani. Mbele, ikiwa havikusalia fuvuni, kuna vinundu viwili vya kunusia, navyo kwa mbuzi ni vikubwa kuliko vya mwanadamu tukilinganisha na ubongo wenyewe. Sasa pitisha kisu kikali katika ule ufa mpaka chini. Ndani ya ubongo mdogo utaona weupe uliotawanyika mithili ya mti wenye matawi. Weupe huo ni nyuzi zichukuazo habari. Sehemu za kijivu ndizo zenye chembe zenyewe. (Na mama wa nyumba asinung'unike: kisu na mikono vikiwa safi, ubongo hurudi chunguni.)

Kisha chora. Jambo hili twalisisitiza kuliko yote, kwani jicho huona mengi ambayo akili haikuyashika, na kalamu ndiyo ifichuayo. Ibn al-Haytham alieleza zamani jinsi mishipa ya macho mawili ikutanavyo nyuma ya macho, na nakala ya kitabu chake ya mwaka 1083, iliyoko Istanbul, ina mchoro wake. Mansur bin Ilyas wa Shiraz, katika karne ya 14, alitia kitabuni picha ya mtu mzima na mishipa yake ya fahamu. Na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, ambaye utotoni alitaka kuwa mchoraji, akawekwa kwa kinyozi na kwa mshona viatu, alifundishwa mifupa na baba yake, akanunua hadubini kwa fedha zake mwenyewe, akachora chembe za ubongo hata akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1906. Kweli, alisoma uganga. Lakini kuzitumia darubini hizo za vitu vidogo alijifunza zaidi peke yake.

Binti wetu asijaribu kuujua ubongo wote. Aifuate njia moja, ile iliyomgusa baba yake. Amri ya kuuinua mkono wa kulia hutoka katika nusu ya kushoto ya ubongo, ikashuka mpaka karibu na mwanzo wa uti wa mgongo. Hapo nyuzi nyingi huvuka upande wa pili, zikaendelea chini. Tena mwaka 1861 huko Paris, tabibu Paul Broca alionyesha ubongo wa mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka ila neno "tan", nao ulikuwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Basi mkono wa kulia na ulimi kupotea pamoja si ajabu. Hivyo viwili ni majirani. Hatukanushi kuwapo kwa majini, lakini damu ikizuiwa kufika mahali pale, dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa hospitalini katika saa nne na nusu za mwanzo, na saa hizo ndizo zipoteazo kwa waganga wa pepo.

Ama kitabu, kile cha Henry Gray, chapa ya mwaka 1918, chasomwa bure hata kwa simu. Kwa maumbo chafaa sana; kwa kazi za ubongo kimepitwa, atafute kipya. Asome ukurasa, akifunike, achore kwa kumbukumbu, kisha alinganishe na kusahihisha. Akiweza kumweleza mdogo wake bila kutazama, aendelee mbele. Wala asimtibu mtu kwa elimu hii. Hiyo si ruhusa yake wala yetu.

Mwezi ujao, inshaallah, tutaanza jozi 12 za mishipa itokayo kichwani, tukianza na ile ya kunusa.