Si Kila Upungufu wa Kinga ni UKIMWI

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, mwishowe nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sina ugomvi na wanaobuni maneno. Lakini neno UKIMWI nina kesi nalo. Kirefu chake ni Upungufu wa Kinga Mwilini, basi. Jina la Kiingereza lina neno moja zaidi, la kuonyesha kwamba upungufu huo mtu ameupata, hakuurithi. Sisi neno hilo tuliliacha, na kwa kuliacha tukawasahau wale wanaozaliwa na kinga pungufu.

Matokeo yake tunayaona. Mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni usiokwisha, au fangasi wa ngozi na kucha wanaorudi kila dawa inapoisha, majirani hutoa hukumu: mama yake anao. Akipimwa akaonekana hana virusi, hukumu haifutwi, inabadilishwa tu. Sasa ni uchafu. Uchafu usipoonekana, basi ni mkono wa mtu.

Huo ni ujinga, nami nausema wazi. Mwaka 2013 watafiti walieleza habari za wagonjwa 17 wa familia 8 za Algeria, Moroko na Tunisia. Fangasi waliowashambulia ni wa jamii ile ile inayoleta mapunye vichwani mwa watoto wetu wa shule. Kwa mtoto wa kawaida fangasi hao huishia juu ya ngozi. Kwa wagonjwa hawa walipenya ndani, na wanne walikufa. Wote 17 walikuwa na kasoro katika jeni moja, CARD9, ambayo kazi yake ni kuwaamsha askari wa mwili fangasi anapoingia. Askari wapo, lakini kengele haina ulimi.

Mtoto huupata upungufu huo anaporithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, nao wazazi ni wazima kabisa. Ndiyo maana huonekana zaidi pale ndugu wa damu wanapooana. Hakuna aliyezini, hakuna aliyeacha kuoga, hakuna aliyeroga.

Nitaambiwa kwamba magonjwa haya ni adimu, apimwe UKIMWI kwanza. Sawa, na apimwe. Ninachopinga ni kufunga faili majibu yakitoka safi. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, nduguze waliugua hivi hivi, au walikufa wadogo? Wazazi wana udugu? Maswali hayo hayahitaji mashine. Mganga wa zahanati ayaulize, kisha aandike rufaa ya hospitali kubwa. Dawa za fangasi za kumeza zipo, na wengine huzihitaji kwa muda mrefu, lakini hazimfikii mtoto ambaye ugonjwa wake umeitwa uchafu.

Mwalimu naye asimwaibishe mbele ya wenzake. Na jirani asiyejua, anyamaze. Kunyamaza hakuhitaji elimu.