Aliyekata Pesa Ndiye Mdeni

Ndugu wafanyakazi wa Chepkoilel,

Wako waajiri wanaokata pesa za mkopo kwenye mshahara kila mwezi, lakini benki hawazipeleki. Kisha jina linaloandikwa CRB ni la nani? La mfanyakazi! Naye huambiwa alipe tena ndipo asafishwe. Alipe mara ngapi? Hata akilipa, doa laweza kukaa miaka 5.

Sheria ya Ajira ya 2007, fungu la 19, yamtaka mwajiri apeleke alichokata. Asipopeleka ametenda kosa. Basi usilipe kimya kimya. Omba ripoti yako ya CRB (moja kwa mwaka ni bure), ipinge kwa maandishi, na karatasi zako za mshahara umpe katibu wa tawi. Riba ailipe mwajiri.