Kpandroma: Waacheni vijana waigize kashfa za wakubwa

Katika "Dick", sinema ya kuchekesha ya mwaka 1999, wasichana wawili wa shule wanaingia ikulu ya Marekani na kusaidia kufichua Watergate, kashfa iliyomwondoa Rais Nixon mwaka 1974.

Kongo nayo ina yake. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, miaka 10 ya kazi ngumu kwa sababu ya pesa za shamba la Bukanga-Lonzo.

Vijana wa Kpandroma wanajua jembe. Wakiigiza shamba la mamilioni ya dola lililokufa, wazazi wasiwafunge kinywa. Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa huko Kinshasa. Mchezo wao hata mama muuza viazi ataufahamu, acheke, kisha aulize pesa zilienda wapi.