Milimita 18

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itabidi mngoje, leo nina la kusema na nisipolisema sitalala.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Thika, ndani ya saiba moja karibu na stendi ya matatu, nikimsaidia kijana wa chuo huku kwetu. Ameunda programu ya simu inayotazama picha ya jani la mbuni na kukuambia kama lina kutu. Mwaka mzima amezunguka mashamba ya Ruiru akipiga picha, jua lake na mvua yake. Na hapo Ruiru si mahali pa mchezo kwa mambo ya kahawa: taasisi ya utafiti wa kahawa iko hapo, na mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 ili kustahimili chulebuni na kutu ya majani, imebeba jina la mji huo.

Akaandika makala, akayapeleka kwenye kongamano moja (jina nalihifadhi). Siku mbili baadaye barua pepe ikarudi: makala yamekataliwa kabla ya kupelekwa kwa wahakiki. Kosa lake? Kurasa 7 badala ya 6.

Nikafungua faili. Waandalizi walitaka karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297. Tarakilishi ya saiba ilikuwa imewekwa Letter, ile karatasi ya Wamarekani, 216 kwa 279. Hesabu mwenyewe: ukurasa umepungua urefu kwa milimita 18. Mistari michache ya marejeleo ikamwagika ukurasa wa saba, na mwaka mzima wa kazi ukamwagika nayo. Hakuna aliyeuliza kama programu inafanya kazi.

Sasa jamani, tuulizane. Ukurasa wa nani huo?

Waandalizi bado wanaomba nakala "tayari kwa kamera". Zamani maneno hayo yalikuwa na maana. Mwandishi alipiga chapa kurasa zake, akazituma kwa posta, nazo zikapigwa picha kwa kamera halisi ili kutengeneza bamba la kuchapishia. Ukikosea pambizo, kosa linaingia kitabuni hivyo hivyo. Kwa hiyo kanuni kali zilikuwa haki kabisa. Lakini leo kamera iko wapi? Kumbukumbu za makongamano mengi zinawekwa kwenye wavuti kama PDF, na watu wanazisoma kwenye simu ndani ya matatu. Umewahi kusoma makala ya safu mbili kwenye simu? Unavuta kushoto, unavuta kulia, unashuka mpaka chini, kisha unapanda tena juu kutafuta safu ya pili. Safu mbili ni nzuri kwenye karatasi, hilo sikatai. Lakini karatasi yenyewe haipo tena!

Kamera imeondoka, kazi ya mpangaji wa chapa ikaachiwa mtafiti bila malipo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la PLOS ONE mwaka 2019 uliwauliza watafiti wanatumia muda gani kwa kupanga tu makala, si kuyaandika. Kipimo cha kati kilikuwa saa 14 kwa kila makala. Saa 14! Na huyu wetu analipia saa zake saiba.

Najua wenzangu wa programu mnachotaka kusema: atumie LaTeX. Naipenda LaTeX kuliko mnavyodhani. Leslie Lamport aliitengeneza miaka ya 1980 ili mwandishi aseme "hiki ni kichwa, hiki ni jedwali" na mashine ipange yaliyobaki. Unabadilisha mstari mmoja na makala yanavaa nguo nyingine (mpaka upate jedwali pana lisilotaka kuingia kwenye safu, hapo utakesha). Lakini mwandishi mwenza wa kijana huyu ni mtaalamu wa mimea. Anajua kutu ya kahawa, na anajua Word. Mnataka ajifunze alama za mkufu na mabano ndiyo tujue jani linaumwa?

Ninachotaka ni kidogo. Makala yakija mara ya kwanza, yapokelewe katika umbo lolote linalosomeka. Mtaniambia kikomo cha kurasa kinalinda haki na muda wa wahakiki, ambao wanajitolea. Sawa. Hesabuni maneno basi! Maneno hayabadiliki kwa karatasi ya Marekani. Yakishakubaliwa, ndipo yapangwe, na ipange mashine. Si ndoto: Elsevier ilianza kupokea makala bila masharti ya mpangilio mwaka 2011 katika jarida moja, kisha ikaeneza. ACM nayo ina mfumo unaopokea maandishi ya safu moja na kutoa wenyewe PDF na ukurasa wa wavuti. Makongamano yetu ya huku yana makala machache kuliko hayo, yanashindwaje?

Na sisi tusijitakase. Faili la kijana lilikuwa na vichwa vilivyosukumwa katikati kwa kubonyeza nafasi mara 23. Nilihesabu. Vyuo vinamdai mwanafunzi makala lakini hakuna aliyemkalisha saa moja kumwonyesha mitindo ya Word ni nini. Nikamwonyesha pale pale. Tukabadilisha karatasi kuwa A4, marejeleo yakarudi juu, kurasa zikawa 6 kamili. Dakika 20, pamoja na stima kupotea mara moja.

Tukawaandikia waandalizi. Wakajibu kwamba muda umekwisha, ajaribu mwaka ujao.

"Kaka, kwani hata ikisiri hawakusoma?" akaniuliza tukishuka ngazi. Nikamwambia sidhani. Akapanda matatu ya Ruiru, kuna shamba alikuwa amemwahidi mwenyewe kwamba atalipitia kabla ya giza.

Hifadhidata ni wiki ijayo, bila kukosa.