Anayekimbiza Gari Mtaani ni Jirani Yetu

Mtoto akigongwa na gari mtaani, swali la kwanza kusikika ni hili: trafiki wako wapi? La pili: serikali inafanya nini? Sikatai kwamba trafiki wana kazi yao na serikali ina yake. Lakini tuambiane ukweli, wakazi wenzangu wa Dar es Salaam. Trafiki na tochi yake yuko Barabara ya Morogoro. Huko dereva anaingia Mlandizi kwa adabu zote, mshale hauvuki 50, kwa kuwa wenzake wamekwisha kummulika taa kwamba mbele hakuko shwari. Jioni hiyohiyo, akishakata kona ya kuingia mtaani kwake, anakanyaga mafuta kama aliyetoka kifungoni. Kule ugenini aliwaheshimu watu asiowajua, na hapa anawapitia mbio waliomlea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kaa barazani saa kumi na mbili jioni uyatazame magari yanayopita kasi, kisha uniambie ni mangapi usiyoyajua. Ile Noah nyeupe ni ya mpangaji wa nyumba ya tatu. Crown ya vioo vyeusi, inayosikika muziki kabla haijaonekana, ni ya kijana wa mama mmoja tunayekaa naye safu moja msibani. Bodaboda anayepita kalalia tangi kijiwe chake kiko pale dukani, na asubuhi ndiye aliyempeleka mwanao shule. Hawa si majambazi waliotoka mbali. Namba zao za simu tunazo, mama zao tunawaamkia, na bado tunangoja askari aje kutusemea nao.

Wageni nao wapo, nisije nikadaiwa kuwasahau. Tangu 2015 mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, umetia lami barabara nyingi za ndani za Kinondoni, Ilala na Temeke, na tuliposhangilia tulikuwa na haki ya kushangilia. Vumbi limepungua, masika hatuvuli tena viatu kuvuka dimbwi, na gari la mgonjwa linafika mlangoni. Ila yale mashimo tuliyoyalaani miaka yote yalikuwa yakitufanyia kazi ambayo hatukuishukuru: hakuna aliyeweza kukimbia juu yake. Lami ilipokauka, habari zikawafikia wote waliokwama kwenye foleni ya barabara kuu kwamba kuna njia ya mkato. Sasa saa ya foleni mtaa mzima unageuka barabara ya mchepuko, na anayechepuka ana hasira ya kuchelewa tangu alikotoka. Huyo hatuna namna ya kumkalisha kikao. Huyo ni wa kuwekewa tuta, na nitalifikia.

Kuna jibu moja ambalo wenye magari hulitoa haraka, na linanikera kuliko mengine: watoto wasicheze barabarani. Wacheze wapi, ndugu yangu? Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, wakati mwenye gari alihesabika kwa vidole. Viwanja vya wazi vilivyoachwa kwenye michoro, vingi tumevishuhudia vikiota kuta, vikiota fremu za maduka, vikiota baa. Huko uswahilini ambako hapakupimwa kabisa, nyumba na nyumba zinagusana mabati, na barabara ndiyo uwanja pekee uliobaki. Tazama wasichana wakicheza rede. Mchezo ule unataka njia iliyonyooka, warushaji wawili wakabiliane na wa katikati akwepe mpira wa soksi. Mmoja akipiga kelele "gari!", wote wanaruka pembeni, gari likipita wanarudi palepale, na aliye katikati anaanza upya kujaza chupa yake mchanga. Kwa muda wote huo macho yao yako kwenye mpira. Ndivyo utoto ulivyo, na hakuna mawaidha yatakayoubadili. Mwenye akili timamu na leseni mfukoni ndiye wa kubadilika.

Naye mwenye leseni atasema: mimi sivunji sheria, kikomo ni 50. Ni kweli, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kilometa 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Lakini kikomo ni mahali pa kutovuka. Hakuna anayelazimishwa kufika hapo. Tupige hesabu kidogo. Gari la mwendo wa 50 linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja, na la mwendo wa 30 linakwenda mita 8 na kidogo. Dereva akimwona mtoto, mpaka mguu wake ufike kwenye breki, sekunde moja hivi imepita. Kwenye lami kavu na breki nzima, yule wa 30 atakuwa amekwisha kusimama katika mita 13 hivi. Yule wa 50, mita hizohizo zimeisha na mguu wake bado haujagusa breki. Maana yake mtoto anagongwa kwa kasi ile ile dereva aliyokuja nayo. Ndiyo sababu mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 kuzungumzia usalama wa barabarani walitoa wito wa kikomo cha 30 mahali ambapo watu na magari wanachangamana. Na mtaani kwetu watu na magari wanachangamana na mama wa vitumbua, mkokoteni wa maji na kuku.

Sasa tuta. Hapa sisi wakazi tunajiharibia wenyewe. Mtoto akigongwa leo, kesho usiku vijana wanachangishana saruji na kokoto, au wanafukia tairi bovu nusu juu nusu chini, na alfajiri kuna kitu barabarani kimechongoka kama ukuta. Hakina rangi, hakina kibao. Bodaboda wa saa sita usiku hakioni, anarushwa yeye na abiria wake. Mjamzito anayekimbizwa hospitali anakipata sawasawa. Tuta la kitaalamu lina mgongo mpana. Lile lililobuniwa na watafiti wa Uingereza miaka ya 1970, likaigwa na nchi nyingi, lina kimo cha sentimita 10 tu lakini upana wake unafika mita 3.7. Ukilipanda kwa 25 unapita kwa starehe. Ukilipanda kwa 60 kichwa chako kinazungumza na paa.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Ulaya. Hapahapa Dar es Salaam, programu ya SARSAI ya shirika la Amend iliziendea shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakiumizwa barabarani, ikaweka matuta, njia za waendao kwa miguu, vivuko na vizuizi, na hata kuhamisha geti la shule pale ilipofaa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya WRI Ross ya Miji, tena ikiwa ndiyo ya kwanza kutolewa. Hapakujengwa daraja la juu wala handaki. Ni zege, rangi, na mtu aliyekwenda kusimama getini kutazama watoto wanavuka vipi.

Nikirudi kwa bodaboda, nawaomba wenye pikipiki waache kujificha nyuma ya kijana. Tunamtukana dereva, hatumuulizi bosi. Kijana anaamka na deni la hesabu ya siku, au yuko kwenye mkataba na akichelewesha marejesho chombo kinachukuliwa na yote aliyolipa yanapotea. Kila dakika anayopunguza mwendo anaona safari moja inamponyoka. Na bosi ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa mtaani, mwenye duka, mtumishi aliyekopa kwenye vikoba. Ni sisi. Mwenye pikipiki akimwambia kijana wake, "Nikisikia umepita mbio mbele ya msikiti, funguo unanirudishia," maneno hayo yana nguvu kuliko faini, kwa sababu anayeyasema anaishi hapohapo na atasikia.

Magari ya shule ni vivyo hivyo. Hiace inayokusanya watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri inakimbia kwa sababu imepewa watoto wengi kwa njia ndefu, na kwa sababu mzazi wa mwisho anamgombeza dereva akichelewa dakika tano. Mzazi huyohuyo ndiye mlipaji. Akisema dereva aende taratibu, ataendaje haraka?

Jambo moja silipendi hata kulitaja, lakini lipo. Mara nyingi sauti yetu kama mtaa inasikika baada ya damu kumwagika: tunamzingira dereva, tunampiga, pikipiki inachomwa moto. Huo nao ni uuaji, na wengi wa wanaorusha mawe siku hiyo walimwona kijana yule akipita mbio mwezi mzima wakacheka. Ukali ule tungeugawa vipande vidogo vidogo vya kila jioni, usingehitajika moto.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa asingoje maiti ndipo aitishe mkutano. Kwenye mkutano ujao, kabla ya taka na ulinzi shirikishi, hili liwe la kwanza. Wenye vyombo vya moto waitwe, na waitwe kwa majina: mwenye Noah, mwenye Crown na mama yake, mwenyekiti wa kijiwe, wenye pikipiki, dereva wa Hiace. Waambiwe kwa upole mara ya kwanza, maana mtu aliyeaibishwa mbele ya jirani zake hujitetea na hasikii kitu. Mara ya pili wazee wamwendee nyumbani. Akishindikana, namba ya gari ipelekwe kituoni. Hapo trafiki atakuwa na la kufanya, kwa kuwa tumempa jina na mahali.

Na matuta tuyaombe kwa barua. Barabara hizi ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na njia ya kuwafikia inaanzia ofisi ya mtendaji wa mtaa, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Barua ionyeshe ni wapi hasa: karibu na madrasa, kwenye kona ya genge, mbele ya geti la shule. Iwe na sahihi za wakazi, na wenye magari watie zao juu kabisa, kila mmoja akimtazama mwenzake.