Mlango Uliofunguka Bila Muziki



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulitandaza shuka jeupe ukutani mwa ukumbi wa parokia, tukawasha jenereta, tukawaonyesha wenzenu filamu iliyotengenezwa kabla wazazi wao wengi hawajazaliwa. Kwa Kifaransa inaitwa Au risque de se perdre, kwa Kiingereza The Nun's Story. Ilitoka mwaka 1959 na inachukua karibu saa mbili na nusu. Robo saa haikupita tukaanza kusikia minong'ono: mbona inaenda polepole, mbona hawapigani? Wachache waliondoka. Waliobaki walinyamaza kidogo kidogo, na mwishoni hapakuwa na simu iliyowaka ukumbini.

Taa zilipowashwa tulipata maswali mawili na kimya kimoja. Mzee mmoja wa baraza alituuliza kwa upole lakini kwa uchungu: kwa nini kuwaonyesha vijana hadithi ya sista anayeacha utawa? Kijana mmoja akauliza: filamu ilipigwa kwetu, basi watu wetu wako wapi ndani yake? Na binti mmoja hakuuliza chochote. Alibaki ameketi, uso umeelekea shuka tupu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukitafakari majibu, na tunayaandika hapa kwa sababu tunapenda sinema za zamani na tungependa nanyi mzipende, lakini mzipende kwa macho yaliyo wazi.

Kwa wasioijua, hadithi ni hii. Gabrielle van der Mal, binti wa daktari mpasuaji wa Ubelgiji, anaingia utawani na kuitwa Sista Luke. Ni muuguzi hodari, na shauku yake ni kuja kuhudumu Kongo. Moyo wake unataka kutii; akili yake haikubali kunyamaza. Mkuu wake mmoja anamwomba aanguke kwa makusudi katika mtihani wa tiba ya nchi za joto, ili ajifunze unyenyekevu. Yeye anafaulu, na badala ya Kongo anatumwa kwanza kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Anapofika Kongo hatimaye, anapangiwa hospitali ya Wazungu, si ile ya Waafrika aliyokuwa akiiota. Anaugua kifua kikuu, anatibiwa, anarudishwa Ulaya, na huko vita vya pili vya dunia vinamkuta. Baba yake anauawa na Wajerumani akiwa katika kuhudumia majeruhi. Hapo Sista Luke, aliyeahidi kuwapenda adui zake, anagundua kwamba chuki imeingia moyoni mwake na haitoki kwa amri. Anaomba ruhusa ya kuondoka.

Tumjibu kwanza mzee wetu. Filamu hii haiudhihaki utawa hata mara moja. Inatumia muda mrefu kutuonyesha sala, kimya, kukatwa nywele, nadhiri, na inafanya hivyo kwa heshima ya mtu anayevua viatu mlangoni. Wakuu wa shirika si watu wabaya. Mama Mkuu, aliyeigizwa na Edith Evans, ana hekima na huruma. Hakuna adui wa kumzomea. Kuna wito wa kweli, na kuna mtu wa kweli aliyeuitikia kwa nguvu zake zote akafika mahali nguvu zikaisha.

Tazameni jinsi inavyokwisha. Sista anavua pete, anavua vazi la kitawa, anavaa nguo za kawaida. Mlango unafunguka. Anatoka na sanduku lake, anatembea kwenye kichochoro, anakata kona, anapotea. Kamera inabaki ndani ya chumba, haimfuati. Na hakuna muziki. Fred Zinnemann, mwongozaji wa filamu, alikataa muziki mahali hapo kwa sababu iliyo wazi: muziki wa furaha ungesema kwamba amefanya vema kuondoka, na muziki wa huzuni ungesema kwamba amepotea. Alituachia sisi kazi ya kupima. Sinema nyingi za leo zina ngoma na vinanda vya kutuambia lini tulie na lini tushangilie, hata hatujui tena moyo wetu wenyewe ungesema nini. Mzee wetu, tuliwaonyesha vijana filamu hii kwa sababu inawaheshimu. Kijana anayefikiria utawa ataingia akijua gharama. Na yule aliye na shangazi au dada aliyerudi nyumbani kutoka utawani huenda ataacha kumnyooshea kidole.

Sasa tuseme juu ya nyota mwenyewe, maana bila yeye filamu hii ingekuwa somo tu. Audrey Hepburn alizaliwa Brussels mwaka 1929. Dunia ilimpenda kwa urembo wake. Alikuwa amepata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953, akiigiza binti wa mfalme anayetoroka kwa siku moja mjini Roma. Mavazi yake yaliigwa na wasichana wa mabara yote. Kisha akakubali kuigiza mtu ambaye nywele zake zimefichwa, masikio yamefichwa, umbo limefichwa, na kwa utii hata maneno ni machache. Kilichobaki ni uso, na katika uso hasa macho. Ndani ya kitambaa kile cheupe macho yake yanaomba, yanakataa, yanajilaumu, yanatii tena. Hiyo ndiyo kazi ya nyota wa zamani ambayo tungependa mjifunze kuitazama: si nguo alizovaa, ni namna alivyoweza kubeba pambano zima bila kupaza sauti.

Na hakulibuni pambano hilo kutoka hewani. Alikuwa msichana mdogo nchini Uholanzi wakati Wajerumani walipoikalia nchi hiyo. Mwaka 1942 mume wa dada ya mama yake alipigwa risasi pamoja na mateka wengine. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, njaa iliwaua Waholanzi kwa maelfu, naye aliijua njaa hiyo mwilini mwake. Zinnemann naye alikuwa Myahudi aliyekulia Vienna. Wazazi wake waliangamia katika mauaji ya Wayahudi. Nyuma ya hadithi yenyewe kuna mwanamke halisi, Marie Louise Habets, muuguzi Mbelgiji aliyekuwa mtawa, ambaye maisha yake yaliandikwa na Kathryn Hulme katika kitabu cha mwaka 1956. Kwa hiyo, Sista Luke anapokiri kwamba hawezi kumsamehe aliyemuua baba yake, anayeigiza na anayeongoza wote wawili walikuwa na marehemu wao. Hakuna aliyekuwa akicheza na jambo hilo.

Tuje kwa swali la kijana wetu: watu wetu wako wapi? Ni swali la haki. Mwaka 1958 wasanii hao walikuja kupiga picha Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Yakusu, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma kando ya mto. Mto tunaouona ni wetu. Nyuso zinazopita nyuma ya Sista Luke ni za babu na bibi zetu. Lakini tazameni vizuri: wanapita, wanabeba, wanaimba, wanatabasamu, wanaugua. Hawana nyumba tunayoingia, hawana shaka, hawana safari yao ya moyo. Hata Kalulu, msaidizi wa hospitalini, aliigizwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Miaka 2 tu baada ya kamera kufika, mwaka 1960, nchi ilipata uhuru. Katika filamu husikii hata kishindo cha mbali cha watu waliokuwa wakijiandaa kujitawala.

Ndivyo ilivyo pia kwa filamu nyingine tunayoipenda, The African Queen ya mwaka 1951, ya mwongozaji John Huston. Sehemu yake ilipigwa Uganda, na sehemu kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Hadithi ni ya mwaka 1914: mwendeshaji mlevi wa mashua kuukuu na dada wa mmisionari wanashuka mto ili kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Meli iliyotoa wazo hilo ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye wazee wetu wa pande za ziwa waliijua kwa jina la Liemba. Humphrey Bogart alipata kwa kazi hiyo Oscar yake ya pekee, na Katharine Hepburn, ambaye si ndugu wa Audrey, anapendeza tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wawili wenye umri wa makamo, wamelowa, wamechoka, wanajifunza kuheshimiana: tungependa wachumba wote wa parokia waione. Lakini Waafrika wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani kwa kelele za kuchekesha wazungu, kisha kijiji kinachomwa, na hadithi inaendelea bila wao.

Je, tuzitupe? Hatudhani. Mkulima mwenye busara hachomi shamba kwa sababu ya magugu. Tunachokataa ni mambo mawili: kupenda bila kuona, na kuona ubaya tu. Kupenda bila kuona kulikwisha kutupata. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walizitazama sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani hata wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Waliiga mwendo, skafu na majigambo. Vikundi vikagawana mitaa na kupigana. Mmisionari mmoja wa Scheut hakusimama mbali kuwalaani. Alikaa kati yao, nao wakamwita Père Buffalo. Alielewa kwamba kijana anayeiga nyota anatafuta ujasiri na heshima, na kwamba kiu hiyo haistahili dharau. Nyota wa leo wanaingia katika simu zenu kila dakika, na kiu ni ileile. Swali la kujiuliza ni hili: ninachoiga kwake ni kofia, au ni kazi?

Kama ni kazi, basi Audrey Hepburn anaweza kuigwa hata na asiye na senti. Alipokwisha kuacha sinema karibu kabisa, alizunguka dunia kwa ajili ya UNICEF. Mwaka 1988 alikwenda Ethiopia, na mwezi wa tisa mwaka 1992 Somalia, katikati ya njaa. Alikuwa mgonjwa bila kujua. Alifariki nchini Uswisi tarehe 20 Januari 1993, miezi 4 hivi baada ya safari hiyo. Mtoto aliyelishwa na msaada wa kigeni baada ya vita alirudi akiwa mzee kuwatafuta watoto wengine. Uso ule uliouza manukato na kofia aliutumia ili kamera ziwatazame watoto ambao hakuna aliyewatazama. Tunaona hapo malipizi fulani: safari hii nyuso za Waafrika hazikuwa pambo nyuma yake, alisogea pembeni ili zionekane.

Limebaki la binti yule aliyenyamaza. Hatukumuuliza kitu. Hapa kwetu mashariki ni familia chache ambazo hazina jina la mtu aliyeuawa, na sisi wakubwa tunaharakisha mno kuwaambia watoto wasamehe, kana kwamba msamaha ni mlango wa kusukuma kwa bega. Tunaamini msamaha ni amri ya Bwana, wala hatuipunguzi. Lakini Sista Luke anatukumbusha kwamba anayesema kwa machozi "siwezi bado" yuko karibu na ukweli kuliko anayesema "nimesamehe" huku moyo umefungwa. Filamu ya zamani, isiyo na haraka, ilimpa binti yetu mahali pa kuketi na neno hilo bila kusukumwa. Jambo hilo peke yake linatutosha kuiwashia jenereta.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaonyesha The African Queen. Njooni, na mzee wetu wa baraza aje pia, tumemwekea kiti cha mbele. Tutacheka pamoja na Bogart. Kisha, taa zikiwaka, kila mmoja atuambie ni mtu gani aliyepita nyuma katika picha ambaye angependa kujua hadithi yake. Huenda mmoja wenu siku moja akaipiga hiyo filamu.